Punguza Tanga, Usilitue

Ufuoni Kataboi, magharibi mwa Ziwa Turkana, hata mtoto ambaye bado hajaruhusiwa kuingia ziwani atakwambia la kufanya upepo ukichafuka: tua tanga. Neno hilo amelisikia kwa baba yake. Baba amelisikia kwa afisa aliyekuja na makaratasi makubwa na kalamu za rangi, na mwenye mashua anayekaa Lodwar hulirudia kila anapomkabidhi kijana chombo chake. Una injini, tua tanga, washa, urudi. Huna injini, tua tanga, kaa chini, umwombe Akuj, Mungu wetu. Neno limezoeleka hata halijadiliwi tena, na anayelijadili huonekana mtu anayechezea roho za watoto wa wenzake.

Mimi nalipinga. Niliingia ziwa hili nikiwa mdogo wa kushika ndoo ya kukumba maji tu. Baadaye nikashuka Lamu, nikafanya ubaharia kwenye mashua za watu kwa miaka sita, kisha nikarudi nyumbani. Nasema bila kumung'unya maneno: kwa upepo wetu, na kwenye ufuo wetu huu wa magharibi, kutua tanga lote mara nyingi ndiko kunakomaliza mashua ambazo baadaye tunasema zimemalizwa na tanga. Tanga hupunguzwa. Hupunguzwa mapema, na kipande kinabaki juu kikifanya kazi mpaka mkuku wa chombo uguse mchanga.

Nianze na upepo wenyewe, maana ushauri huu umetungwa na watu wasioujua. Sisi tunauita ekuwam, na wako wanaume kadha wa kadha waliopewa jina hilo walipozaliwa. Unatoka kusini-mashariki. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya pana uwazi, na hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi hubanwa humo kama maji ndani ya mpira wa kumwagilia, ikatoka kwa kasi. Mwaka 1982 wataalamu wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliandika kuuhusu mkondo huo kama jambo lililogunduliwa karibuni. Bibi zetu walikuwa wameshaugundua zamani, kila walipochagua upande wa kuweka mlango wa kibanda.

Tabia yake haina siri. Hujikusanya usiku watu wakiwa wamelala, hukaza kuelekea alfajiri, huendelea asubuhi, na mchana hulegea mpaka maji yakatulia. Kesho ni hivyo hivyo. Ni upepo wa saa nyingi mfululizo, unaotoka upande mmoja.

Sasa linganisha na Ziwa Viktoria, ambako mengi ya mashua za mbao na nyavu tulijifunza kwa ndugu zetu wa huko. Kule kinachotisha ni dhoruba ya radi ya usiku: wingu jeusi, baridi ya ghafla, upepo unaogeuka-geuka, mvua, na baada ya muda imepita. Mvuvi wa Mbita au wa Ukerewe anapotua tanga na kusubiri, anasubiri kitu ambacho mwisho wake u karibu. Ushauri huo una akili kwake. Ukiuleta Kataboi unamwambia mtu asubiri kuanzia saa saba za usiku hadi saa nne za asubuhi, ndani ya chombo kisicho na mwendo, katikati ya mawimbi yaliyoanzia mbali kusini. Ziwa letu lina urefu wa kilomita 250 na zaidi, na upepo unalipiga karibu kwa urefu wake. Wimbi linalofika kwetu limepata nafasi ya kukua likakomaa.

Na anayesubiri anasukumwa wapi? Chora ziwa mchangani kwa kijiti. Weka Kataboi upande wa kushoto. Upepo utoke kulia, chini. Mashua iliyotua tanga itasogea kushoto, juu, yaani kwenye ufuo wetu wenyewe, na si mahali pa kushukia samaki bali pale kina kinapopungua na wimbi kujikunja na kuvunjika. Mwaka 1934 vijana wawili wa msafara wa utafiti wa Mwingereza Vivian Fuchs, Martin na Dyson, walikwenda Kisiwa cha Kusini cha ziwa hili wasionekane tena. Vitu vyao vichache viliokotwa baadaye kwenye ufuo wa magharibi. Watu huitaja habari hiyo kuthibitisha kuwa ziwa hili halisafiriki. Mimi huiona kama ramani. Kinachoachwa bila kuongozwa kwenye maji haya huja upande wetu.

Hesabu yake ni ya kawaida. Mashua yenye mlingoti mtupu hupeperushwa polepole, chini ya mwendo wa mtu anayetembea. Tuseme kilomita 2 kwa saa. Aliyetega nyavu kilomita 10 kutoka nchi kavu akatua tanga saa saba za usiku, saa kumi na mbili alfajiri yumo ndani ya mawimbi yanayovunjika, ubavu umeelekea wimbi, upepo bado umekaza, na vijana wake wamechoka kwa kukumba maji usiku kucha. Hapo ndipo mashua hupinduka. Asubuhi watu ufuoni huona tanga limeviringishwa ndani ya mabaki, wakasema, "Masikini, hata tanga walikuwa wametua." Hakuna anayesema walizama kwa sababu walitua.

Kuna msemo ambao kila mzungumzaji wa Kiswahili anautumia na wengi wamesahau ulikotoka. Tunasema mambo yamekwenda mrama. Mabaharia wa pwani husema hivyo juu ya chombo kinachoyumba kushoto na kulia kwa kupigwa na mawimbi, na chombo huenda mrama zaidi kikiwa kimevuliwa tanga kuliko wakati mwingine wowote. Tanga lenye upepo, hata likiwa dogo, hukikandamiza chombo upande mmoja, kama mkono mzito begani mwa mtu anayepepesuka. Uondoe mkono huo, na kila wimbi litakibeba chombo huku, linalofuata likirudishe kule, na kila safari mdomo wa ubavu unashuka chini kidogo zaidi, mpaka maji yaingie kwa ndoo nzima.

Kisha kuna usukani. Usukani hufanya kazi pale tu maji yanapoupita. Watu hupenda methali kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, wakaisema kama habari ya majaliwa. Kwetu usukani huwa upo, umeshikwa kwa mikono miwili, ila hauna maji ya kuupita kwa sababu aliyeushika ameuondoa mwendo wa chombo kwa mkono wake mwenyewe. Hawezi kuelekeza omo, yaani mbele ya chombo, kwenye wimbi. Hawezi kukwepa mwamba. Amejifanya gogo.

Hata kitendo chenyewe cha kutua, walimu wetu hukizungumza kama vile ni kuzima taa. Nani kati yao amewahi kukifanya usiku, upepo ukiwa umeshakaza? Tanga letu hubebwa na foromali, mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa kamba ya jarari. Ukiachia jarari wakati huo, foromali haishuki kistaarabu. Inashuka upande wa chini ya upepo, nusu ndani nusu nje. Turubai linaanguka majini na kujaa maji, linakivuta chombo kilale upande ule ule ulioinama. Vijana watatu wanasimama kulikusanya. Mashua ya watu wanne, watatu wamesimama, wameegemea upande mmoja, gizani. Anayetaka kujua watu huangukiaje majini asitafute mbali.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Wanasema wameona kwa macho yao mashua ikipinduliwa na tanga, si kwa wimbi: dharuba moja, chombo kikalala, kikajaa. Ni kweli. Mimi pia nimeona. Asubuhi moja tuliivuta nchi kavu mashua iliyopinduka hivyo, watu wake wakiwa wametoka hai kwa kushikilia mkuku. Wote walikuwa wakilitukana tanga. Nikaenda nyuma kutazama demani, ile kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga na kulivuta ndani au kulilegeza. Ilikuwa imefungwa kwenye ubao wa kukalia, mizunguko mitatu na fundo juu yake. Fundo lilikuwa limelowa na kukaza hata kidole hakikuingia, tukalikata kwa kisu cha kupasulia samaki. Nikamwuliza kijana aliyekuwa ameshika usukani kwa nini aliifunga. Akanijibu, "Apa," yaani baba, "ilikuwa inanikata mkono."

Kama ilikuwa inamkata mkono, tanga lilikuwa kubwa mno kwa upepo ule. Mkono wake ulimwambia mapema, naye akaunyamazisha kwa fundo. Demani ikishikwa mkononi, imezungushwa mara moja tu kwenye kigingi ili ipunguze uzito, dharuba ikija unafungua vidole. Tanga linapepea, chombo kinainuka, unavuta tena. Mashua ile ilipinduliwa na fundo. Lakini kosa la fundo likishaandikwa kwenye hesabu ya tanga, dawa inayotolewa ni kuliondoa tanga, na fundo linabaki pale pale likimngoja mwingine.

Ukweli wa ukubwa wa tanga nao unataka kusemwa kwa tarakimu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Upepo ukitoka mita 7 kwa sekunde ukafika mita 10, mtu aliyekaa ndani ya mashua huona umeongezeka kidogo tu. Kumbe msukumo kwenye tanga umeshakuwa maradufu. Ndiyo maana watu hushtukizwa. Na ndiyo maana nusu ya tanga katika upepo ule mkali hukupa mwendo na uzito ule ule uliokuwa nao jioni ukiwa na tanga zima, tena ukiwa umekaa chini zaidi, karibu na maji, hivyo hauna nguvu kubwa ya kukilaza chombo. Afisa mmoja alipenda kutuambia kwamba tanga kubwa huleta matanga. Nakubaliana naye kwa herufi zote. Ugomvi wetu ni kwamba yeye hajui tanga lingine lolote isipokuwa kubwa na lililolala.

Hapo ndipo ushauri huu unapoharibu akili ya mvuvi. Mtu aliyefundishwa hali mbili tu, lote au hakuna, huchelewa. Lazima achelewe. Anajua akitua hatafika nyumbani, kwa hiyo anajipa dakika kumi, kisha kumi nyingine, akiwa na tanga zima juu, demani imefungwa, roho mkononi. Anapoamua kutua, upepo umeshapita pale ambapo kutua kunawezekana bila hasara. Aliyezoea kupunguza hana sababu ya kungoja. Akiona nyota za upande wa kusini-mashariki zimefifia kwa vumbi, anakunja kipande, anaendelea na safari yake. Upepo ukilegea, anafungua. Hakupoteza kitu.

Nitaeleza usiku mmoja, kwa kuwa nilichosema mpaka hapa mtu anaweza kukiita maneno ya aliyekaa kitako. Tulikuwa watatu, mimi na vijana wawili, nyavu zetu zikiwa mashariki ya Kataboi. Mashua ilikuwa na injini, ya mwenye chombo, na mlingoti niliung'ang'ania mimi. Yeye alitaka uachwe ufuoni kwa kuwa unachukua nafasi ya samaki. Upepo ulianza kiasi cha saa saba. Tukavuta nyavu, tukawasha, tukaelekea nyumbani. Mawimbi yetu ni mafupi na yamesimama wima. Omo ilipotumbukia, tezi, yaani nyuma ya chombo, iliinuka, panga la injini likatoka majini likipiga hewa na kulia kama mnyama, kisha likazama tena kwa kishindo. Baada ya mara kadhaa za namna hiyo injini ikakohoa ikanyamaza. Petroli ilikuwa imeingia maji. Kijana alivuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka.

Mashua ikageuza ubavu. Wimbi la kwanza likatulowesha, la pili likaingia. Kijana mkubwa akaniuliza, "Apa, sasa tumwombe Mungu?" Nikamwambia aombe huku mikono ikifanya kazi. Tulipandisha foromali hadi usawa wa kifua tu. Mdogo akashika demani ikiwa imelegea kabisa, turubai likipiga makofi gizani. Mimi na mkubwa tukakusanya sehemu ya chini ya tanga, kukunja juu ya kukunja, tukafunga kamba ndogo saba zilizoshonewa humo, kila moja kwa fundo la kuvuta. Tukahamisha pembe ya mbele na ya nyuma zikafungwa mahali papya. Kisha jarari, polepole, tanga likapanda likiwa chini ya nusu ya lilivyokuwa jioni. Kazi nzima ilichukua muda wa kuchemsha chai. Nilipovuta demani, chombo kikalala kidogo upande wake wa kushoto, kikakaa hapo. Kelele ya maji ndani ikakoma. Mdogo akaanza kukumba, na kwa mara ya kwanza tangu injini ife maji yakapungua badala ya kuongezeka.

Hatukuelekea Kataboi. Wimbi lilikuwa linavunjika kwenye kina kifupi, tulilisikia. Tulielekeza omo kaskazini, upepo ukiingia nyuma ya ubavu wa kulia, tukaambaa na ufuo kwa mbali usiku wote. Jua lilipopanda na upepo kulegea tulikuwa karibu na Nachukui, tukaingia ufuoni kwa kasia, samaki wakiwa bado ndani. Usiku ule ule jirani yetu alitua tanga kama alivyofundishwa. Yeye na wenzake walitoka wakitambaa mchangani, namshukuru Mungu. Mashua yao iligeuka kuni.

Sichukii injini. Nani atachukia kitu kinachomfikisha sangara sokoni kabla hajaoza katika joto la Turkana? Ninachopinga ni kung'oa mlingoti siku ile injini inapofungwa. Petroli hutoka mbali, huuzwa kwa madebe, huchanganywa na watu wasio na huruma. Waliokulia Kalokol wanakijua kile kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa fedha za Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980: kikafanya kazi muda mfupi, kikasimama, kwa kuwa kugandisha samaki kwenye jangwa kuligharimu kupita thamani ya samaki wenyewe. Jengo lilikuwa zuri. Lilitegemea kitu ambacho lazima kiletwe kutoka kwingine kila siku. Wahenga walishatuambia tusiache mbachao kwa msala upitao, na mlingoti na tanga la turubai la sokoni Lodwar au Kakuma, lililoshonwa kwa uzi wa nyavu, ndio mbachao wa mvuvi wa ziwa hili.

Ajabu ni kwamba kusini-mashariki mwa ziwa, upande wa Marsabit, wenye fedha wameuelewa upepo huu kuliko wanaotufundisha. Wamesimamisha mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, megawati 310, ikaunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Waliifuata kasi ya upepo ambayo wastani wake unatajwa kuwa karibu mita 11 kwa sekunde. Tazama mitambo hiyo inavyofanya upepo unapozidi. Hakuna anayekwenda kuyashusha mapanga chini. Mapanga hujipinda kidogo kidogo kwenye mhimili wake, yanaupa upepo upana mdogo wa kushika, na mtambo unaendelea kuzunguka kwa utulivu. Husimama tu upepo unapofika mita 25 kwa sekunde, kiwango cha tufani. Mitambo ile inapunguza tanga. Inalitua lote pale tu hakuna njia nyingine. Mhandisi hupewa heshima kwa akili hiyo. Mvuvi wa Kataboi akiitumia anaambiwa ni mkaidi.

Nami nina mita 25 zangu. Wakati wa mvua hutokea wingu likashuka kutoka vilima vya magharibi, mchana au jioni, upepo ukageuka na kuja kutoka nchi kavu kwa mkupuo mmoja. Hapo tua. Tua haraka, usibishane. Huo ni upepo wa muda mfupi, unatoka upande usio wake, na tena unakusukuma mbali na mawimbi yanayovunjika, kwa hiyo una nafasi ya kupeperushwa. Ukishapita, pandisha tanga dogo kabla hujapandisha kubwa. Sijasema hata mara moja kwamba tanga lisituliwe kamwe. Nasema upepo wa kila usiku usipewe dawa ya upepo wa mara chache.

Lamu, kwa wanaouliza, hawakunifundisha kamba saba. Mashua na majahazi ya pwani kwa kawaida hayana kamba za kukunjia. Nahodha mwenye akili hubeba tanga la pili, dogo, akalibadilisha mapema akiona dalili. Nilichojifunza kule ni tabia: nahodha wangu alikuwa akitazama mkono wa mshika demani kuliko alivyotazama mbingu. Kamba za kukunjia nilizibuni mwenyewe baada ya kurudi, kwa sababu mashua zetu ni ndogo, hazina pa kuwekea tanga la pili, na turubai mbili ni gharama. Unashona safu ya vipande vya turubai maradufu, kiasi cha shubiri tatu juu ya ukingo wa chini, unatoboa, unapitisha kamba kila upande. Safu ya pili unaiweka juu ya hiyo kwa upepo wa alfajiri. Pembe mbili mpya lazima zishonwe kwa uzi mnene, kwa kuwa uzito wote huhamia hapo. Turubai lililochakaa hupasukia pembeni, na hapo ndipo nilipokosea mwanzoni. Niliweka tundu bila kuongeza nguo, likachanika usiku wa kwanza. Sindano ya kushonea magunia inatosha. Siku moja ya kazi.

Fundo liwe la kuvuta, linalofunguka kwa kidole kilichokufa ganzi. Jarari isafishwe mchanga ipite bila kukwama. Farumi, yaani mawe au magunia ya mchanga ya kukipa chombo uzito, yafungwe chini yasihame, maana mawe yanayobingirika huzamisha haraka kuliko upepo. Na demani isifungwe, isifungwe, isifungwe. Kamati zetu za ufuo hukagua leseni na matundu ya nyavu kabla mashua haijaondoka. Zikitaka kuokoa watu zikague na hayo pia: jaketi za kuokolea ziko ngapi, kamba za kukunjia zipo, mlingoti upo, kigingi cha demani kiko wapi.

Nakumbuka mafunzo ya mwisho niliyohudhuria, ya siku mbili, yaliyoletwa na shirika moja nisilolitaja. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye adabu. Nilipoinua mkono kusema niliyoyasema hapa, aliniuliza kwa upole, "Mzee, kwa hiyo unataka vijana wabaki na tanga katika dhoruba? Wakifa?" Nikamjibu, "Bwana mkufunzi, ninataka wabaki na usukani." Watu wakacheka, wakidhani nimekwepa swali. Sikukwepa. Akaniahidi tutazungumza baada ya chakula. Baada ya chakula tulikwenda ufuoni kwa mazoezi. Ilikuwa saa nane mchana. Ziwa limelala, hakuna hata povu, bendera ya kituo inaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Vijana wakapanda mashua, wakaambiwa watue tanga, wakalitua vizuri sana, foromali ikashuka wima ikakaa kwenye ubao kama mtoto anayelazwa. Picha zikapigwa. Kila mmoja akapewa cheti.

Shirika lijalo, au afisa ajaye, ninamwomba jambo moja tu. Makaratasi abaki nayo, na aje na koti. Mashua yangu iko kaskazini ya miti ya mikoma, tanga lake la bluu lina safu mbili za kamba. Tutaondoka saa tisa za usiku. Nitaweka demani mkononi mwake, tanga likiwa zima, ahesabu mwenyewe muda atakaoweza kuishika. Kisha tutakunja safu moja, ashike tena.